Mashine haizai seli: kisa cha yaya wa kilo 49 na mdogo wake wa kilo 82

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 34, mkaaji wa Katuba, Lubumbashi, nchini Kongo, mwenye leukemia kali ya mieloidi (saratani ya damu) iliyotulia baada ya mizunguko kadhaa ya kemo. Uzito wake kilo 82. Upandikizaji wa seli shina za damu, zile zinazozaa chembe zote za damu, ulipangwa kufanyika India, akaondoka uwanja wa ndege wa Luano pamoja na yaya yake, yaani dada yake mkubwa: mama wa watoto watatu, miaka 38, kilo 49, kimo sentimita 158, ambaye vipimo vya HLA (alama za seli ambazo kinga ya mwili hutambulia walio wake na wageni) vilionyesha kwamba amelingana naye kikamilifu. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mwepesi. Sindano siku nne, siku ya tano sindano ya mwisho na mashine, saa nne hivi za kulala kitini, mfuko mmoja, basi. Badala yake zilihitajika siku mbili za mashine, katheta (mrija wa mshipani) ya paja na dawa ambayo haikuwa kwenye mpango. Ulipita pia usiku mmoja ambao mgonjwa alikuwa amekwisha kupewa dawa zote za kuua uboho wake, na mfuko wa yaya haujafika hata nusu ya kiwango cha chini.

Seli zilipatikana hatimaye. Linalotushughulisha ni hili: kati ya mambo yaliyopunguza mavuno, mangapi yalikuwa yanaonekana tayari Lubumbashi kabla tiketi haijakatwa? Karibu yote. Kisa kimeundwa kwa ajili ya kufundishia, hakuna familia moja iliyo nyuma yake. Hesabu zake ndizo zinazofanywa kila siku kando ya kitanda cha mtoaji.

Hesabu ambayo ingefanywa sebuleni

Seli shina hukaa ndani ya uboho, zimeshikwa kwenye makao yake. Kishikio kikubwa ni kipokezi CXCR4 kilicho juu ya seli, kinachong'ang'ania CXCL12 inayotolewa na makao. Filgrastimu, dawa inayopandisha chembe nyeupe, huzifanya chembe hizo zimwage vimeng'enya vinavyokata vishikio, na seli shina zikaanza kuelea katika damu ya mshipani. Zinahesabiwa kwa alama yake, CD34. Mashine ya aferesisi huvuta damu, huizungusha kwa kasi hadi ijipange matabaka, hunyonya tabaka jembamba lenye seli zinazotakiwa, kisha humrudishia mtoaji yaliyobaki. Haizai seli hata moja. Na katika zile zinazopita humo, nusu au zaidi huiponyoka.

Hesabu basi ni hii: CD34 kwa kila mikrolita, mara lita za damu zilizopita mashineni, mara ufanisi wa mashine (mara nyingi 0.40 hadi 0.50), gawanya kwa kilo za mpokeaji. Jibu linatoka kwa mamilioni kwa kila kilo. Chini ya milioni 2 hakuna anayelala usingizi. Lengo la kawaida ni milioni 4 hadi 5. Kwa mpokeaji wa kilo 82, milioni 2 kwa kilo ni jumla ya milioni 164, na milioni 4 ni milioni 328.

Sasa lita. Mwanamke wa kilo 49 na kimo kile ana damu lita 3.2 mwilini. Kwa kawaida hupitishwa mara mbili hadi tatu ya ujazo wa damu, kwa hiyo mara tatu kwake ni lita 9.6. Ili afikishe milioni 328 kwa siku moja, kwa ufanisi wa 0.45, damu yake ingepaswa kuwa na CD34 76 kwa mikrolita. Watoaji wenye afya wengi hufika kati ya 50 na 100 siku ya tano, ila mwanamke mwembamba asiye na akiba ya chuma hatumtegemei awe upande wa juu wa fungu hilo. Kwa ujumla wanaume hutoa zaidi ya wanawake, wazito zaidi ya wembamba, vijana zaidi ya wazee.

Mtu angekaa na kalamu kabla ya safari, angeona kwamba siku moja haitoshi. Angeona pia kwamba kulikuwa na mtoaji mwingine.

Karatasi ya Emmel

Ndugu wanne walipimwa HLA. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa, na hapa walipatikana wawili: yaya huyu, na mdogo wa mwisho, miaka 31, kilo 78, sentimita 175, dereva wa lori njia ya Kasumbalesa, mishipa ya mikono minene kama kamba. Aliondolewa kwenye orodha sebuleni, daktari hakuulizwa. Katika karatasi zake za utotoni palikuwa na neno «Emmel +», na mama mzazi alipoliona akafunga mazungumzo: «Huyu ana drepano. Mmoja anaumwa tayari, munataka nizike wawili?»

Hofu ya mama ina mizizi. Mtu mwenye selimundu kamili (ndiyo hiyo drepano), yaani SS, aliyerithi S kwa baba na kwa mama, hapewi filgrastimu: dawa hiyo imewahi kuwaletea watu wa namna hiyo mashambulizi makali ya ugonjwa, hata vifo. Tatizo ni kipimo chenyewe. Emmel, kilichopewa jina la Victor Emmel aliyekiandika mwaka 1917, ni tone la damu linalofungiwa chini ya kioo, linanyimwa oksijeni, kisha linatazamwa kwa hadubini kama chembe nyekundu zinajipinda mundu. Kinasema S, himoglobini ya selimundu, ipo. Hakisemi kama ni AS, aliyerithi S kwa mzazi mmoja tu, au SS. Kwa mwanamume wa miaka 31 ambaye hajawahi kulazwa kwa maumivu ya mifupa, hajawahi kuongezewa damu na anabeba gurudumu la akiba la lori peke yake, «Emmel +» ni AS mpaka ithibitishwe vinginevyo, na uthibitisho wake ni elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachotenganisha aina zake.

Mwenye AS anaweza kutoa seli shina. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho mdogo wa watoaji wenye AS na wasio nayo, wote wakiwa wamechomwa filgrastimu: mavuno yalikuwa sawa na hakuna aliyepata shambulio. Angalizo liko kwenye kugandisha, kwa sababu chembe nyekundu za AS zilizobaki mfukoni zinaweza kuleta usumbufu mfuko unapoyeyushwa. Ukipewa mgonjwa ukiwa mbichi, suala hilo halipo. Katika nchi ambako wenye AS ni wengi kiasi hiki, kumwondoa kila mmoja wao ni kuwatupa watoaji wazuri kwa mkono mpana.

Fanya hesabu ile ile kwa mdogo. Damu lita 5.1, mara tatu ni lita 15.2. Ili afikishe milioni 328 kwa siku moja alihitaji CD34 48 tu kwa mikrolita. Yaya alihitaji 76. Na wote wawili wangekaa kitini muda ule ule, kwa sababu kasi ya mashine hupangwa kwa ujazo wa damu ya mtu. Dawa ya kuzuia damu isigande, sitrati, huingia mwilini kwa kiwango kinachoruhusiwa kwa kila lita ya damu. Tukichukua mililita 1.1 kwa dakika kwa kila lita, na sehemu moja ya sitrati kwa kumi na mbili za damu inayovutwa, yaya anaruhusu mililita 42 kwa dakika na mdogo 67. Saa tatu na dakika arobaini na kitu kila mmoja. Tofauti iko mfukoni.

Kuna jambo la pili ambalo halikuzungumzwa. Mwanamke aliyewahi kubeba mimba akimtolea mwanamume, hatari ya seli zilizopandikizwa kuushambulia mwili wa mpokeaji kwa muda mrefu inaongezeka. Haimzuii kutoa akiwa peke yake. Ila mbele ya ndugu wawili waliolingana sawa, mizani inainamia kwa mdogo wa kiume.

Familia ilikuwa imefurahia kitu kingine kabisa: yaya na mgonjwa wote ni kundi O. Kundi la damu haliamui nani atoe. Likitofautiana, mfuko huondolewa chembe nyekundu au plasma, kazi ya kawaida ya maabara.

Vipimo vya yaya

Himoglobini 11.4. Ukubwa wa chembe nyekundu femtolita 76, ndogo. Ferritini 9, maana yake ghala la chuma limekwisha. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, 214,000. Chembe nyeupe 3,900, kati yake nyutrofili 1,400.

Namba hii ya mwisho ilimshtua daktari wa upandikizaji, akaomba siku mbili za kuichunguza. Haikustahili. Watu wengi wa Afrika ya kati hawana alama ya Duffy juu ya chembe zao nyekundu, na nyutrofili zao zinazozunguka kwenye damu huwa chache tangu kuzaliwa, bila kuumwa kwa urahisi zaidi. Hilo peke yake si sababu ya kumkataa mtoaji. Karatasi moja kutoka Lubumbashi yenye hesabu za damu za miaka iliyopita, zote zikiwa na nyutrofili 1,300 au 1,500, ingejibu swali kwa dakika moja. Beba karatasi za zamani.

Ferritini ndiyo iliyostahili kushtua, na haikushtua mtu. Kukosa chuma hakumzuii mtu kutoa, lakini kunaharibu kwa njia mbili. Chembe nyekundu ndogo hazitui kwenye mzunguko wa mashine kama zile za ukubwa wa kawaida, mpaka kati ya matabaka unayumba, na ufanisi unashuka. Na aferesisi ikishindikana, njia inayobaki ni kuvuta uboho kutoka mfupa wa nyonga chini ya dawa ya usingizi, ambako kikomo ni mililita 20 kwa kila kilo ya mtoaji. Kwa yaya ni mililita 980, karibu theluthi ya damu yake yote, kutoka kwa mtu mwenye himoglobini 11. Na hata hizo, kwa uboho wenye seli milioni 20 kwa mililita, zingempa mgonjwa seli milioni 240 tu kwa kilo. Wengi hutaka 300. Miezi miwili ya vidonge vya chuma kabla ya safari, au chuma cha kuchoma mshipani kama muda ni mfupi, ingefungua mlango huo.

Vipimo viwili vilifanywa Lubumbashi na vilifanywa vizuri: tone nene la malaria, lile la GE, na ultrasaundi ya bandama. Filgrastimu huvimbisha bandama kwa watoaji wengi, kidogo; mara chache sana hupasuka. Mtu aliyekulia kwenye malaria anaweza kuanza na bandama iliyokwisha kukua, na vimelea vya malaria vinaweza kusafiri ndani ya mfuko hadi kwa mgonjwa asiye na kinga hata chembe. Yaya: GE hasi, bandama sentimita 11. Tungeongeza kipimo cha kichocho na cha minyoo ya strongiloidi, au ivermektini ya tahadhari, kwa sababu mnyoo huo nao una historia mbaya kwa wapokeaji. Halafu homa ya siku ya tatu ya sindano isiitwe «ni dawa tu» mpaka GE irudiwe.

Vichupa vitano

Kiwango cha filgrastimu kwa mtoaji ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa siku, chini ya ngozi. Kwa kilo 49 ni 490. Dawa hiyo huuzwa kwenye vichupa au sindano za mikrogramu 300 na 480. Familia ilitumwa duka la dawa na karatasi iliyosomeka filgrastimu, mara moja kwa siku, siku 5. Ikanunua vichupa vitano vya 300. Muuguzi aliyekuwa akija kwenye nyumba ya wageni akachoma kilicholetwa. Siku ya kwanza na ya pili yaya alipata 300, yaani mikrogramu 6 kwa kilo.

Kosa liligunduliwa siku ya tatu, na kwa bahati: mtu wa maabara alitaka namba za vichupa kwa ajili ya faili, akakuta viwili vitupu na vitatu vizima mahali ambapo hesabu yake haikukubali. Siku ya tatu, ya nne na ya tano alipata 480, kipimo cha kutosha. Lakini filgrastimu inajenga juu ya jana. Uboho unachukua siku kadhaa kuzaa chembe nyeupe zitakazokata vishikio, na siku mbili za mwanzo zilizopunguzwa hazilipwi kwa kuongeza siku ya tano.

Karatasi ya dawa iandikwe kwa mikrogramu kwa kila siku, na ujazo wa sindano kwa mililita. Vichupa vitupu visitupwe. Kuhusu baridi: nyuzi 2 hadi 8, isigandishwe, isitikiswe. Friji ndogo za vyumba vya wageni huganda upande wa nyuma. Dawa ikae kwenye mlango.

Maumivu yalikuwa ya kawaida, kiuno na mapaja na kichwa, na paracetamoli gramu 1 kila saa nane iliyatosha. Aspirini na ibuprofeni zilikatazwa kwa sababu ya chembe sahani.

Siku ya tano

Saa mbili asubuhi: chembe nyeupe 31,000, CD34 22 kwa mikrolita. Chini ya 20 mtoaji anaitwa dhaifu. Yeye alikuwa mlangoni. Hesabu ilisema hivi: 22 mara lita 9.6 mara 0.45 ni milioni 95, gawanya kwa 82, ni 1.16. Saa mbili na nusu kila mtu chumbani alijua kwamba leo haitoshi, hata kila kitu kikienda sawa.

Havikwenda sawa. Mkono wa kuvuta unahitaji sindano nene, geji 16 au 17, kwenye mshipa wa kiwiko unaostahimili kunyonywa saa nne mfululizo. Mshipa wa kushoto wa yaya ulitoa mililita 42 kwa dakika nusu saa ya kwanza, kisha ukaanza kujibana na mashine ikapiga kengele ya shinikizo. Walimfunika mkono kwa kitambaa cha moto, wakampa mpira wa kuminya, wakashusha hadi 35. Kila mashine inaposimama, matabaka ndani yake yanavurugika na yanachukua dakika kadhaa kujipanga upya. Dakika hizo damu inapita bila kuvunwa. Mishipa hukaguliwa kabla ya sindano ya kwanza ya filgrastimu, tena na mtu anayeendesha mashine, kwa kufunga mpira na kugusa kwa kidole. Kukagua siku ya tano ni kuchelewa.

Kisha sitrati. Inazuia kuganda kwa kuikamata kalsiamu ya damu, na inarudi mwilini pamoja na damu. Dalili ya kwanza ni midomo na ncha za vidole: ganzi, kama sisimizi wanatembea. Yaya alisema hasa hivyo, kwa Kiswahili, kwa mkalimani aliyekuwa kwenye simu: «Ninasikia sisimizi midomoni, mikono inatetema.» Upande wa pili ilifika kwamba mama anasikia baridi, anatetemeka. Akaletewa blanketi. Dakika ishirini baadaye vidole vya mkono wa kulia vilijikunja vyenyewe, mashine ikasimamishwa. Mililita 10 za kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, polepole mshipani, na vidole vikafunguka.

Hili lingezuiwa kwa dakika mbili za maandalizi. Kabla ya kuanza, mtoaji na muuguzi wakubaliane ishara isiyo na lugha: kidole kwenye mdomo maana yake sisimizi, mkono kifuani maana yake mtetemo wa kifua, ngumi maana yake vidole vinakaza. Na kwa mtu mdogo wa umbo, kalsiamu iende kwa dripu tangu mwanzo, isingoje dalili. Maziwa na vidonge vinasaidia kwenye ganzi ndogo ya midomo. Kwenye vidole vilivyojikunja havisaidii.

Mwisho wa siku: lita 8.1 zilipita, karibu mililita 670 za sitrati, CD34 milioni 72. Ufanisi 0.40. Kwa mgonjwa, milioni 0.88 kwa kilo. Chembe sahani za yaya zilikuwa zimeshuka hadi 96,000, jambo la kawaida, kwa sababu mashine inaondoka nazo. Lakini zilibakisha nafasi ya siku moja tu zaidi, kwani vituo vingi haviruhusu kuanza zikiwa chini ya 75,000 au 80,000.

Usiku na siku ya sita

Pleriksafori inafungua CXCR4 yenyewe, inakaa mahali pa CXCL12, na seli shina zinaachia ndani ya masaa. Ndiyo dawa inayotumika peke yake kwa wenye SS katika tiba za jeni zilizoidhinishwa Marekani Desemba 2023, kwa kuwa kwao filgrastimu haigusiki. Kwa ndugu mwenye afya anayemtolea mwenzake, kuitumia ni nje ya kibali cha kawaida, kwa hiyo anatakiwa kuelezwa na kukubali upya. Yaya alikubali. Miligramu 0.24 kwa kilo: kwake 11.8, ambayo kwenye kichupa cha miligramu 20 kwa mililita ni mililita 0.59. Ilichomwa saa nne usiku. Aliharisha mara mbili, akalala.

Tuna lawama moja hapa. Dawa iliagizwa saa kumi na mbili jioni, baada ya maabara kuhesabu mfuko. Hesabu ya saa mbili na nusu asubuhi ilitosha kuiagiza. Kama duka la dawa lingekuwa limefunga, pleriksafori ingekosekana usiku ule, na chembe sahani zisingeruhusu kusubiri.

Asubuhi ya siku ya sita alichomwa filgrastimu tena. CD34: 61. Safari hii walitumia katheta ya njia mbili kwenye mshipa wa paja, iliyowekwa kwa ultrasaundi. Kwa mtoaji mwenye afya katheta ni ya mwisho, siyo ya kwanza: inaweza kutoa damu, kuziba, kuleta wadudu. Paja lina faida ya kutokugusa mapafu, na inatolewa siku ile ile. Kalsiamu ilitiririka tangu dakika ya kwanza. Lita 9.6 zilipita bila kengele hata moja, ufanisi 0.46, milioni 269. Mfuko wa jana ulikuwa umehifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Jumla milioni 341, yaani 4.16 kwa kilo. Mgonjwa alipewa yote jioni.

Pleriksafori ndiyo iliyobeba sehemu kubwa, hilo halina ubishi. Filgrastimu ya kipimo kamili kwa siku ya nne mfululizo nayo huenda ilisogeza kidogo. Katika yaliyopunguza mavuno ya siku ya tano, tunapanga hivi: kwanza uwiano wa kilo 49 kwa 82, kisha siku mbili za dozi pungufu, kisha mshipa wa kushoto, na chuma mwisho. Hata CD34 ingebaki 22 ile ile, lita 15.2 za mdogo zingetoa milioni 150 kwa siku, mara mbili ya zile 72.

Na mpangilio wenyewe ulikuwa wa hatari. Mtoaji ambaye hesabu inaonyesha atatatizika, avunwe kabla mgonjwa hajaanza dawa za kuua uboho, seli zigandishwe, zihesabiwe, ndipo dawa zianze. Kuvuna mbichi kunaokoa gharama ya kugandisha, na kunafaa kwa dereva wa kilo 78. Kwa yaya kulimweka mgonjwa juu ya daraja ambalo nusu yake haijajengwa.

Kurudi nyumbani

Katheta ilitolewa chembe sahani zikiwa 61,000, paja likabanwa kwa mkono dakika thelathini. Siku ya saba baadaye zilikuwa 148,000, himoglobini 10.2, bandama sentimita 12.5. Alirudi Lubumbashi na vidonge vya chuma vya miezi mitatu, agizo la kupima damu baada ya mwezi, na katazo la wiki mbili: asibebe ndoo ya maji, asitwange sombe (majani ya muhogo), asipande wewa, ile pikipiki ya abiria, kwa sababu ya kishindo cha tumbo. Maumivu ya ubavu wa juu kushoto au ya bega la kushoto ni ya hospitali usiku huo huo. Katazo la kutwanga ndilo lililomkera. Mabinti zake walifurahi kidogo kuliko alivyotegemea.

Mdogo alipelekwa kupimwa elektroforesisi wakati yaya bado yuko India. Himoglobini A asilimia 60, S asilimia 37, A2 asilimia 3. AS. Mishipa ya mikono yote miwili inapokea geji 16. Karatasi yake imewekwa kwenye faili ya mgonjwa, mbele, kwa sababu anayepandikizwa huenda akahitaji seli kwa mara ya pili.